Maandishi ya André Yav: Historia ya Watumishi wa Elisabethville na Safari Yake hadi Kwenye Mtandao

Mnamo mwaka 1965, katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu kilichopigwa kwa taipu na kurudufiwa. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani yake lugha ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili kile kilichosemwa katika nyua za komine na katika vijumba vya nyuma ya nyumba za Wazungu, vilivyojulikana kwa jina la boyeri. Aliyeandika kwa niaba ya wenzake alijitaja kwa jina la André Yav. Mwaka uliofuata, 1966, mji ulibadilishwa jina ukawa Lubumbashi, na jina lililobebwa na kijitabu hicho likabaki katika vinywa vya wazee na katika ramani za zamani.

Kijitabu hicho hakikutoka katika kiwanda cha uchapaji cha misheni wala cha serikali. Kilikuwa karatasi tu, na karatasi za namna hiyo katika nchi yetu zina mwisho unaojulikana: mchwa, mvua, au mama mwuza karanga anayehitaji kitu cha kufungia bidhaa yake. Hata hivyo maandishi ya Yav hayakupotea. Yalichapishwa Ulaya mwaka 1990, na mwanzoni mwa karne hii yakawekwa kwenye intaneti, yakawa miongoni mwa maandishi marefu ya Kiswahili cha Kongo yaliyotangulia kufika huko. Makala haya yanafuata safari hiyo. Siku hizi wakuu wa makumbusho na maktaba wanazungumzia kwa bidii urithi wa kidijitali na majukwaa ya pamoja ya mtandaoni, kana kwamba kuweka picha ya karatasi mbele ya macho ya dunia ni sawa na kuisomesha. Historia ya kijitabu cha Yav inaonyesha kwamba kati ya kuweka na kusoma kuna kazi nzito, na kwamba katika mfano huu sehemu iliyo nzito kuliko zote ilikuwa kazi ya sikio.

Yafaa kwanza kueleza maandishi yenyewe ni kitu gani. Neno la Kifaransa lililo katika kichwa chake humfanya msomaji atarajie kamusi, naye hapati kamusi. Anakuta masimulizi: kuja kwa Wazungu, kuanzishwa kwa mji, kazi za nyumbani na malipo yake, mateso ya wapishi na maboyi, na majina ambayo watu weusi waliwapa mabwana wao bila mabwana kujua maana yake sawasawa. Huenda ni kwa ajili ya majina hayo Yav alichagua neno vocabulaire. Kuutaja mji kwa maneno ya waliopiga deki sakafu zake kulikuwa namna ya kuumiliki. Mpangilio wake wa miaka na matukio haulingani kila mara na ule wa vitabu vya kikoloni, na wako waliomhukumu kwa kosa hilo upesi mno. Mtu anayesoma historia ya mji akitafuta siku ambayo reli kutoka Rhodesia ilifika, yaani mwaka 1910, hana haja ya kumwendea Yav. Anayetaka kujua mtumishi alikumbuka nini baada ya nusu karne ya kusimama nyuma ya kiti cha bwana wake wakati wa chakula, hana pengine pa kwenda palipo bora zaidi.

Inafaa kulinganisha karatasi hizo na zile za upande wa pili. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa na serikali ya Kongo katika miaka ya 1966 na 1967, iliacha nyaraka nyingi mno: mikataba, orodha za wafanyakazi, ripoti za waganga, hesabu za posho. Nyaraka za makao makuu ya kampuni hiyo zilihifadhiwa Brussels, katika jengo lenye walinzi na makarani. Nyaraka za maboyi zilikuwa kijitabu kimoja. Yeyote anayezungumza juu ya kushirikishana urithi kwa njia ya mtandao hana budi kuanza na tofauti hiyo, kwa maana mtandao hauweki usawa pale ambapo karatasi hazikuwa sawa. Waliokuwa na makabati elfu wataweka makabati elfu.

Maandishi ya Yav yalifika mikononi mwa Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1937, aliyefanya utafiti Katanga katika miaka ya sitini na kufundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla ya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Fabian alikijua Kiswahili cha Lubumbashi kwa kukisema na kwa kukichunguza. Kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni kinaonyesha jinsi Wabelgiji walivyokichukua Kiswahili na kukifanya chombo cha kazi. Juu ya hayo yote, karatasi za Yav zilimshinda alipojaribu kuzisoma kimyakimya.

Sababu ilikuwa katika uandishi. Yav hakuandika Kiswahili sanifu, wala hakufuata tahajia yoyote iliyofundishwa shuleni. Alama za kutua zilikuwa chache. Mipaka ya maneno haikutabirika: viambishi vilitengwa na vitenzi vyao mahali pamoja, na mahali pengine maneno mawili au matatu yakashikana kama neno moja. Msomaji wa kimya, aliyezoea nafasi nyeupe kati ya neno na neno, hupotea katika maandishi kama hayo. Mwalimu wa shule angesema mara moja kwamba ni makosa. Mwanaisimu ana jibu jingine: Yav aliandika pumzi na sauti, akimwachia msomaji kazi ya kuzirudisha mahali pake, kwa kuwa alijua kwamba msomaji wake ni mtu wa Elisabethville ambaye lugha hiyo ameilala na kuamka nayo.

Hapo ndipo anapoingia Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi. Fabian alimwomba asome kijitabu kwa sauti, na usomaji huo ukanaswa katika utepe. Kalundi aliposoma, mafundo yakafunguka. Mlolongo wa herufi uliokuwa hauna maana katika jicho ulipata maana katika sikio, kwa sababu kiimbo kilionyesha wapi sentensi inakoma na wapi inaendelea, na nani anasema na nani anajibiwa. Kutokana na utepe huo yaliandikwa maandishi mapya, na kutokana na maandishi mapya ikafanywa tafsiri ya Kiingereza. Kitabu kilichotoka mwaka 1990 kwa wachapishaji John Benjamins, chenye jina History from Below, kilikuwa na hatua hizo zote: maandishi ya asili, maandishi yaliyozaliwa na usomaji wa sauti, tafsiri, maelezo ya isimu yaliyoandikwa na Walter Schicho wa Vienna, na insha ya Fabian. Jina la Kalundi Mango limo katika kitabu hicho kama mshiriki. Ni haki yake, hata kama wanaokitaja kitabu hicho mara nyingi humkumbuka Fabian peke yake.

Kitabu cha namna hiyo huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa Lubumbashi hawezi kuilipa kwa mshahara wake, na maktaba za vyuo vyetu katika miaka ya tisini hazikuwa na fedha hata za majarida. Ilikuwa miaka ya uporaji wa 1991 na 1993, ya mishahara isiyofika, ya walimu kulima mihogo ili waishi. Kwa hiyo maandishi ya watumishi wa Elisabethville yalikuwa yameokolewa, na wakati huohuo yalikuwa yamekwenda mbali na wenyewe.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, Fabian na mwenzake Vincent de Rooij walianzisha huko Amsterdam hifadhi ya mtandaoni waliyoiita Archives of Popular Swahili, ndani ya mradi mpana zaidi juu ya lugha na utamaduni wa watu wa kawaida katika Afrika. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza. Mtafiti anaporekodi mazungumzo kwa Kiswahili, kitabu chake hutoka kwa Kiingereza au Kifaransa, na Kiswahili chenyewe hubaki katika masanduku nyumbani kwake. Basi Kiswahili hicho kiwekwe chote mahali ambapo kila mtu anaweza kukisoma, pamoja na tafsiri na maelezo, bila malipo. Kijitabu cha Yav kiliwekwa humo kwa sura zake: kama kilivyoandikwa, kama kilivyosomwa kwa sauti, na kama kilivyotafsiriwa.

Uamuzi wa kuweka sura hizo pamoja unastahili sifa kuliko unavyopewa. Hifadhi nyingi za mtandaoni zina mazoea ya kupiga picha ya ukurasa na kuiacha hapo. Picha ni shahidi mwaminifu, lakini mashine haisomi picha. Na hata pale ambapo kompyuta imefundishwa kuzitambua herufi, inatafuta kwa kufuata herufi na si kwa kufuata maana. Mtu akiandika watu katika sanduku la kutafutia, hataletewa mahali palipoandikwa batu wala bantu. Akiandika anakuja, anakuya haitaonekana. Na kama mwandishi ameunganisha neno hilo na jirani yake, litakuwa limefichwa mara ya pili. Kiswahili cha Katanga kinaweza kujaa kwenye mtandao na bado kisipatikane na anayekitafuta kwa tahajia ya Dar es Salaam. Maandishi yaliyotokana na sauti ya Kalundi Mango, yenye maneno yaliyotenganishwa na tahajia iliyofuata utaratibu mmoja, ndiyo yanayoweza kutafutwa. Maandishi ya Yav mwenyewe ndiyo yanayoweza kuaminiwa. Kila upande unauhitaji mwenzake. Hakuna mashine iliyofanya kazi hiyo, na gharama yake haikuwa ya vifaa: ilikuwa saa za mtu mmoja anayejua lugha, akisoma mbele ya kinasa sauti.

(Yapo mabishano, kati ya walimu wa Kiswahili, kama lugha hiyo ifaa kuitwa Kiswahili. Mabishano hayo yana umri mrefu kuliko intaneti. Inatosha kusema kwamba Yav hakuwa na shaka.)

Katika hifadhi hiyohiyo yamewekwa mazungumzo ya Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Kuanzia mwaka 1973 mchoraji huyo alimletea Fabian michoro yapata mia moja iliyosimulia historia ya nchi, tangu nyakati za wahenga hadi Lumumba na utawala wa Mobutu, na mbele ya kinasa sauti alieleza kwa Kiswahili maana ya kila mchoro. Michoro hiyo sasa ni mali ya makumbusho ya Uholanzi. Kitabu cha mwaka 1996, Remembering the Present, kiliwapa wasomaji wa dunia picha pamoja na maneno ya mchoraji yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na maneno yake ya Kiswahili yakawekwa katika hifadhi ya mtandaoni. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Rangi ziko chini ya paa moja, sauti iko mahali pengine, na mtu anayetazama picha katika orodha ya makumbusho anasoma kichwa, vipimo na jina la mchoraji bila kujua kwamba mchoraji mwenyewe aliongea kwa saa nyingi juu ya picha hizo. Makumbusho hupanga vitu na maktaba hupanga maneno. Jukwaa la pamoja lingekuwa na faida kubwa hapa kuliko popote: kuunganisha mchoro na maelezo ambayo mchoraji aliyatoa kwa lugha yake. Tshibumba alitoweka karibu na mwaka 1981, na hakuna atakayemrudisha aje kueleza upya.

Kuna mfano wa tatu, nao ni mgumu zaidi. Mwaka 1974 mganga aitwaye Kahenga Mukonkwa Michel aliifunga nyumba ya Fabian mjini Lubumbashi, yaani aliikinga kwa dawa dhidi ya wezi na wenye nia mbaya, na baadaye akakubali kuzungumza naye juu ya kazi yake. Mazungumzo hayo yaliandikwa kutoka katika utepe, yakawekwa kwenye mtandao, na mwaka 2008 Fabian akatoa kitabu kizima, Ethnography as Commentary, ambacho ni ufafanuzi juu ya maandishi hayo. Hoja yake ni kwamba hifadhi ya mtandaoni imebadilisha kazi ya mtaalamu. Zamani msomaji alilazimika kumwamini mwandishi kwa sababu ushahidi ulikuwa sandukuni. Sasa ushahidi uko wazi, na mwandishi amekuwa mfafanuzi ambaye kila msomaji anaweza kumpinga kwa kulirejea neno lenyewe. Ni hoja yenye nguvu, na kwa wanafunzi wa Kongo ina maana ya pekee, maana wao ndio wanaoweza kulisoma neno hilo bila mkalimani.

Hata hivyo swali moja linabaki. Yav na wenzake walirudufisha kijitabu chao ili kisambae. Kukiweka kwenye mtandao ni kuendeleza nia yao. Tshibumba aliuza michoro yake na alitaka historia yake ijulikane. Kahenga alizungumza na mtu mmoja, katika nyumba moja, mwaka ambao mtu wa Lubumbashi hakuweza hata kuwazia mtandao wa kompyuta. Uganga ni elimu yenye milango, na anayeufundisha huchagua nani aingie. Ridhaa aliyoitoa kwa kinasa sauti haikuweza kuwa ridhaa ya kusomwa Chicago na Tokyo. Hilo si lawama juu ya Fabian, ambaye aliyaweka maneno ya mganga huyo kwa heshima na kwa jina la mwenyewe, badala ya kumwita mtoa habari kama wengine walivyozoea. Ni ukumbusho kwamba neno kushirikishana linafunika matendo yasiyofanana, na kwamba kila kitu kinachowekwa kinahitaji kuulizwa kwanza kilisemwa kwa nani.

Mjadala huo umekwenda mbali zaidi tangu hapo. Kati ya mwaka 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yalikabidhi kwa makumbusho ya Kinshasa vitu 114, idadi ndogo ukilinganisha na vilivyobaki. Mwezi wa pili wa mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu yapata 84,000 vilivyomo Tervuren, ili uchunguzi wa asili yake uanze. Orodha si kitu, lakini bila orodha hakuna anayejua la kudai. Na katika orodha, kama katika kijitabu cha Yav, kila kitu kinategemea jina. Kinyago kilichoandikwa kwa Kifaransa au Kiholanzi kuwa kinyago tu, pamoja na jina la afisa aliyekichukua, hakiwezi kutafutwa na mjukuu wa aliyekichonga, ambaye anakijua kwa jina la ngoma yake. Kazi aliyoifanya Kalundi Mango kwa karatasi za Yav haijafanywa kwa maelfu ya vitu hivyo, nayo haiwezi kufanywa Tervuren bila watu wa Suku, wa Luba, wa Tabwa na wengineo kukaa mbele ya picha na kusema kwa sauti ni nini hicho.

Lubumbashi yenyewe ina uzoefu wa kazi kama hiyo. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ukiongozwa na wanahistoria wa chuo kikuu, miongoni mwao Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya masimulizi ya wakazi, wafanyakazi wa migodi na wake zao, na kuyarudisha kwao kwa maonyesho katika makumbusho ya mji. Wazee walikuja kutazama vyombo vya nyumbani vilivyofanana na vyao, wakasahihisha maelezo. Hakuna jukwaa la mtandaoni ambalo limefikia hatua hiyo kwa urahisi, kwa sababu anayesahihisha anahitaji umeme, simu nzuri, na fedha za kununulia vifurushi vya intaneti, na vyote vitatu havipatikani kwa siku moja katika Katuba.

Jambo la mwisho ni dogo, la makarani. Anwani ya hifadhi ya Amsterdam imebadilika zaidi ya mara moja, kila kitivo kilipojipanga upya, na anwani iliyochapishwa katika vitabu vya mwanzo haimfikishi msomaji popote. Kitabu cha 1990 kilichoko katika rafu hakihitaji anwani. Kwa sababu hiyo idara yenye printa na rimu moja ya karatasi ingefanya vema kuzitoa kurasa za Yav, kuzifunga kwa uzi, na kuziweka katika chumba cha kusomea, ambapo mwanafunzi akizisoma kwa sauti wenzake watageuka kusikiliza.